Ombi la Kutambuliwa Kuwa Mashine

Cyprian Nyoni,
Mpiga gitaa la rithim (kwa sasa mgeni mwalikwa),
Madale.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Kufaana, Madale na Bunju.

Ndugu Mwenyekiti, mama yetu Genoveva, shikamoo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KISANDUKU CHA NDUGU ANSBERT, NA OMBI LA MIMI KUTAMBULIWA KUWA MASHINE

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepata nafuu. Mimi mwili hauna tatizo. Tatizo ni moyo, na kwa kuwa moyo hauna ofisi ya malalamiko, nimeona niulete kwako. Nilikuwa karani wa stoo kiwandani Mikocheni mpaka nilipostaafu, kwa hiyo najua kwamba jambo likisemwa mdomoni huitwa mnung'uniko, na likiandikwa kwa namba huitwa hoja. Yangu nimeyapa namba.

Nianze kwa kukumbusha, maana huenda barua hii ikasomwa na wajumbe wageni. Umoja wetu sisi watu wa Ruvuma tulioishia huku kwenye vilima vya Madale una kazi mbili, kuzikana na kuozeshana. Ili tusikodi vijana wenye spika kubwa kama makabati, tuna bendi yetu wenyewe. Ansbert anapiga gitaa la solo, mimi rithim, Romani besi, Albano ngoma. Kwa wasiojua, mpiga solo ni yule anayezungumza, na mpiga rithim ni yule anayemwitikia ili asionekane kichaa. Nimemwitikia Ansbert miaka mingi. Viti vyetu vilikuwa karibu hivi kwamba kiwiko changu kinajua hali yake ya afya kabla ya mkewe.

Mwishoni mwa masika Ansbert alikuja mazoezini na kisanduku cha bluu, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo za kanisani, kina vitaa na mahali pa kukanyagia kwa mguu. Alisema ni pedali ya mwangwi. Ukipiga gitaa, kinarudia ulichopiga. Ukikikanyaga kwa namna fulani, kinarudia bila kuacha mpaka ukikanyage tena, na wewe unaweza kupiga kitu kingine juu yake. Siku ile alipiga, akakanyaga, akapiga tena juu yake, akakanyaga, mpaka mtu mmoja akawa watu wanne, wote Ansbert. Mama, Ansbert mmoja tunamvumilia kwa sababu tunampenda. Wanne ni wengi.

Sasa malalamiko yangu.

1. Kuhusu nafasi. Siku ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wa Romani, kule Bunju, nilifika na gitaa mgongoni, sare ya kitenge imepigwa pasi na mke wangu Yuliana. Viti vya bendi vilikuwa vitatu. Pale palipokuwa pangu palitandikwa kitambaa cha meza, kimekunjwa vizuri, na juu yake kimewekwa kile kisanduku. Ansbert akaniambia, "Leo wewe pumzika, Sipri. Kaa na wageni, ule vizuri." Mimi katika utumishi wangu nimekalia viti vya plastiki vilivyovunjika mguu, nimekalia kreti la soda, nimekalia spika. Sijawahi kutandikiwa kitambaa. Nilikwenda nikakaa katikati ya mabibi wawili waliokuwa wakijadili sukari yao, gitaa nimelipakata.

2. Kuhusu misiba. Katiba ya Umoja inasema wazi kwamba asiyeonekana msibani si mwanachama. Alipofariki mkwe wa Albano, mimi nilifunga turubai, nilikoka moto, nilibeba viti kutoka kwa jirani na kuvirudisha. Kisanduku kilikuwa wapi? Kilikuwa juu ya kabati la Ansbert, ndani ya mkoba wenye sponji. Hakikutoa hata pole. Na siku kikifa chenyewe, maana vitu hivi hufa, ni nani atakayepitisha daftari la rambirambi kama si sisi? Nililiuliza swali hili mazoezini. Romani akanijibu, "Kaka, hilo ni dude tu, mbona unalichukulia siriasi?" Sawa. Kama ni dude, limepataje kazi?

3. Kuhusu adabu. Jumapili moja Romani alichomeka maikrofoni kwenye kisanduku ili kujaribu. Romani ni mdogo wangu kwa umri, na ana malezi, kwa hiyo alijaribu kwa kunisalimia. Akasema, "Shikamoo kaka Sipri." Nikaitikia marahaba. Kisanduku nacho kikasema shikamoo kaka Sipri. Nikaitikia. Kikasema tena. Wewe unajua nilivyolelewa, shikamoo isiyoitikiwa ni sawa na kumfungia mtu mlango usoni, basi nikaendelea kuitikia. Wenzangu walikuwa wanacheka hivi kwamba Albano aliangusha fimbo zake chini ya ngoma na hakuweza kuinama kuziokota. Niliitikia marahaba mpaka koo likakauka, ndipo Ansbert akaona huruma akakanyaga. Naomba Umoja utoe tamko rasmi. Je, mtu mzima analazimika kuitikia salamu ya umeme? Na kama halazimiki, kwa nini hakuna aliyeniambia wakati ule?

4. Kuhusu ubora wa kazi. Hapa naomba nieleweke kuwa sina wivu, nasema kama fundi. Pale Bunju nilimtazama Ansbert kwa macho yangu. Alikanyaga kisanduku, na rithim ikaanza mara moja, yeye akiwa hajagusa uzi hata mmoja. Maana yake alikuwa amekilisha nyumbani. Nikasikiliza kwa makini, kwani meza yangu ilikuwa karibu na spika. Mama, haipigwi vizuri. Inachelewa. Si sana, ni kiasi cha mtu anayefikiri kwanza kabla ya kuvuka barabara, lakini inachelewa kila inapozunguka. Tena kuna uzi mmoja unaovuma kama nyuki aliyeingia kwenye chupa. Aliyeilisha mashine ile hana mkono. Mmoja wa wale mabibi alisema rithim ya leo imetulia, lakini nilimsamehe kwa sababu ya sukari yake.

Halafu kuna suala la makosa. Mazoezini kidole kilimteleza Ansbert, akagusa uzi usiohusika, na kisanduku kikalishika kosa lile kikawa kinalirudia kila mzunguko, kwa uaminifu, mpaka Albano akaanza kulipigia ngoma. Kosa langu mimi likipita limepita. Nikikunja uso kidogo na kumtazama Romani, watu wote wanadhani ni lake.

5. Kuhusu kudhalilishwa. Wiki kadhaa kabla ya Bunju, Ansbert alikuwa akiniambia nichomeke gitaa langu kupitia kisanduku, eti tujaribu waya. Nilipiga. Akasema rudia. Nikarudia. Akaniomba hata ile rithim yangu niliyoitunga mwenyewe, ile ambayo binti yangu Jenipher alikuwa akilalia alipokuwa mchanga, ambayo sijawahi kuipiga kwenye sherehe ya mtu. Nikaipiga, na yeye amepiga magoti mbele ya vile vitaa kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Sasa ndiyo naelewa kwamba ulikuwa mtihani. Mimi nilikuwa nashindanishwa na kisanduku bila kuambiwa, na inaonekana nimefeli.

6. Kuhusu sahani. Wapishi wa Bunju walitenga chakula cha bendi cha watu wanne, kama kawaida. Bendi walikuwa watatu na kisanduku. Sahani ya nne, yenye paja la kuku na kachumbari pembeni, ilipelekwa pale kwenye kitambaa ikawekwa karibu na kisanduku, na aliyeila ni Ansbert. Mimi nilipanga foleni na wageni. Nilipofika mbele, lililobaki lilikuwa shingo.

7. Kuhusu sendofu. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kama ujuavyo, Jumamosi hii tunamuaga Jenipher katika ukumbi wa kule Tegeta. Ratiba nimeiona. Upande wa muziki imeandikwa Ansbert, Romani, Albano na mashine. Upande wangu imeandikwa baba wa binti, meza kuu.

Naijua desturi yetu. Baba hashiki kazi siku ya kumuaga mwanawe. Naijua kwa sababu mimi mwenyewe nimeisimamia. Alipoolewa binti wa Albano nilimnyang'anya fimbo za ngoma mbele ya watu, nikamkalisha meza kuu na ua mfukoni, na alikaa pale anakunywa soda kwa mrija huku magoti yakimchezacheza. Sikumhurumia. Leo namhurumia.

Mama Genoveva, hakuna mtoto wa Umoja huu aliyetoka kwao bila rithim yangu. Wako nimewapigia. Wa Romani nimewapigia, hata yule aliyerudi tukamuaga tena. Wa kwangu nimemlea na rithim ile mpaka akawa halali bila hiyo, na siku anayotoka atoke na kisanduku kinachochelewa. Nilitarajia angalau mtu mmoja abishane na desturi kwa niaba yangu. Hakuna aliyebisha. Hata Yuliana aliniambia, "Baba Jeni, wewe kaa tu, tutakushonea suti." Imeniuma, na siwezi kuisema kwa namna nyingine.

Baada ya kutafakari, nimeona kupambana na mashine hakutanisaidia. Kwa hiyo naleta ombi lifuatalo.

Kisanduku kimechukua nafasi yangu kwa sifa tatu. Ya kwanza, kinarudia jambo lilelile bila kuchoka. Mimi nimefanya hivyo tangu kabla Romani hajaota ndevu, na Yuliana anaweza kutoa ushahidi kwamba hata nyumbani narudia. Ya pili, hakizungumzi kwenye vikao. Mimi naweza kujifunza. Ya tatu, kinakubali kukanyagwa. Mama, kuhusu hilo nadhani barua hii ni ushahidi wa kutosha.

Kwa kuwa sifa zote tatu ninazo, naomba Umoja unitambue rasmi kuwa mashine, na kuanzia tarehe ya kupitishwa kwa ombi hili nipewe haki zote za mashine, kama ifuatavyo. Nitandikiwe kitambaa. Nibebwe na Ansbert mwenyewe, kiti cha mbele, huku amenishika asinigonge mlangoni. Mvua ikinyesha niokolewe mimi kwanza, kama ilivyokuwa Bunju, ambapo watu wanne walikimbia na kisanduku na mimi nikaachiwa mabibi. Nisitumwe barafu. Nisiambiwe kubeba spika, kwa kuwa haijawahi kuonekana mashine ikibeba mashine nyingine. Sahani yangu niletewe, ila niile mwenyewe. Vitaa si lazima.

Na Jumamosi, kwenye ratiba, pale palipoandikwa mashine, naomba ieleweke kuwa ni mimi. Desturi inamkataza baba wa binti kushika kazi. Nimeuliza wazee wawili na wote wamekiri kwamba haisemi chochote kuhusu mashine. Kwa hiyo nitapiga bila kuvunja desturi ya mtu. Meza kuu akae kaka yangu Fransis, ambaye tukiwa tumekaa tunafanana, mradi asivue kofia. Yeye ndiye atakayemshika Jenipher mkono kumpeleka kwa wakwe, kwani mashine haiwezi kuacha kazi katikati ya wimbo. Hapo najua nitakuwa nimepoteza kitu. Nimeliangalia kila upande, sijaona njia ya kupata yote mawili.

Ombi hili likikataliwa, sitasusa. Nitakaa meza kuu, nitakunywa soda, nitatabasamu kwenye picha. Lakini nitakuwa nimejua kwamba Umoja wa Kufaana unafaana na visanduku.

Nisalimie mzee wako na wajukuu. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, hata yule aliyeandika ratiba. Msalimie Albano, mwambie kuhusu fimbo zile anisamehe. Kisanduku nacho kisalimie, ingawa ukifanya hivyo ujiandae kusikia salamu zangu mpaka jioni.

Ndimi mtiifu wako, ninayesubiri kuchomekwa,

Cyprian Nyoni

Baada ya sahihi: Mama Mwenyekiti, barua hii tafadhali isisomwe kwenye kikao. Ningeichana, lakini Yuliana ameisoma, amecheka mpaka akakaa chini, na amesema lazima ikufikie ili ujue anaishi na nani.

Leo asubuhi niliileta kwako, sikukukuta. Wakati wa kurudi nikapita karibu na nyumba ya Ansbert, nikasikia rithim ya Jenipher inatoka sebuleni kwake. Nilisimama nje ya dirisha nikiwa na hasira ya kutosha watu watatu. Nikachungulia. Ansbert alikuwa amekaa kwenye kochi, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Gitaa lake lilikuwa ndani ya mkoba wake. Kisanduku kilikuwa sakafuni kinapiga peke yake, na uzi wa nne ulikuwa unavuma kama nyuki kwenye chupa. Mama, gitaa lenye uzi wa nne unaovuma ni langu. Nimeahidi kulitengeneza tangu mwaka juzi.

Niliingia bila kubisha hodi. Ansbert hakushtuka hata kidogo, alisema, "Umeshagundua? Basi kaa tunywe chai." Ndipo akanieleza. Ni Jenipher aliyeomba. Alimfuata mwanzoni mwa masika akamwambia anataka baba yake amshike mkono, na anataka atoke na rithim ya baba yake, na hataki kuchagua. Walimfikiria mpigaji mwingine wa kukaa kwenye nafasi yangu. Ansbert akakataa, akasema rithim ya Sipri haipigwi na mtu mwingine. Akatafuta kisanduku, akanirekodi mimi mwenyewe mazoezini nikidhani tunajaribu waya, akaenda kukijaribu Bunju mbele ya watu ili Jumamosi kisije kumwaibisha. Kamati ilijua. Wewe ulijua. Hata Romani alijua, yule mwenye dude. Nimelia mbele ya Ansbert, na chai yake imeingia machozi, na ameinywa hivyohivyo.

Kwa hiyo malalamiko nayafuta, isipokuwa mambo mawili. Kwanza, dai la sita linabaki palepale. Kwa kuwa ndani ya kisanduku nilikuwemo mimi, sahani ile yenye paja ilikuwa yangu, na Ansbert aliila akijua. Pili, kuhusu dai la nne, nimeisikiliza tena kwa utulivu nikiwa na kikombe mkononi. Haichelewi. Ni Ansbert anayewahi.

Na lile ombi langu la kutambuliwa kuwa mashine, naona mlishalipitisha tangu masika bila kuniarifu. Nashukuru. Suti nimeijaribu, inanitosha, mikono ndiyo sijui niiweke wapi mpaka saa ya kumshika mtoto. Nina neno moja tu la kumwambia Ansbert kupitia kwako, kwa sababu nikimwambia mwenyewe nitalia tena. Wimbo ukianza tumesimama, asikanyage kuizima mpaka mimi na Jenipher tumefika kwenye meza ya wakwe. Nitakuwa natembea polepole.